Darubini ya 8x42 au 10x42 kwa kutazama ndege?
Chukua 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, huo ndio upana wa mwanga unaofika kwenye jicho. Kwa 10x42 ni 4.2 tu. Msituni, alfajiri, tofauti hiyo unaiona. Halafu ikikuza mara 10, mtetemo wa mkono nao unakua mara 10, na eneo unaloliona huwa finyu, kwa hiyo ndege anayerukaruka matawini unampoteza. Mimi huzunguka sana msitu wa Arabuko-Sokoke, Pwani ya Kenya, na nimetumia zote mbili. Ya 8 ndiyo nabeba.

Ila kama muda mwingi uko sehemu wazi kama Mida Creek, ndege wako mbali kwenye matope, hapo 10 inasaidia.

Za bei ya kati, Nikon Prostaff P3 na Celestron Nature DX zinatosha kabisa. Angalia iwe haiingii maji, maana unyevu wa Pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi. Unavaa miwani? Tafuta yenye nafasi ya jicho (umbali kutoka lenzi ya nyuma hadi jicho ambapo bado unaona picha yote) ya milimita 15 au zaidi.

Tafadhali usinunue zile za mtaani zilizoandikwa 20-100x. Lenzi ndogo vile haiwezi kukuza mara 100 ukaona kitu, utapata giza na ukungu tu.