Kano ya ndani ya goti na hoki ya barafu: la kufanya ukiwa likizo Unguja

Ndugu yangu umeuliza: unacheza hoki ya barafu chuoni Kanada, kano ya upande wa ndani wa goti ilichanika nusu, daktari amekuruhusu kuanza mazoezi, na uko nyumbani Mji Mkongwe miezi mitatu bila barafu. Muda huo unatosha kufanya mengi, ila fuata mpangilio.

Barafuni mtu husonga kwa kusukuma mguu pembeni, na kano iliyoumia ndiyo inayozuia goti lisibonyee ndani. Kwa hiyo mwendo wa pembeni uwe wa mwisho kurudi, hata kama ukitembea husikii kitu.

Anza baharini. Maji ya kiunoni hukupunguzia kama nusu ya uzito, ya kifuani zaidi. Tembea mbele na nyuma dakika 15. Siku za bamvu, maji yanapojaa na kutoka sana, angalia saa: ukiingia maji yanatoka, mara yako magotini na uzito wote umerudi. Ukiogelea, piga miguu iliyonyooka. Miguu ya chura usiiguse, teke lile hulipanua goti palepale penye jeraha.

Nguvu itafute barazani. Kaa ukingoni, inuka kwa miguu miwili, keti taratibu kwa hesabu ya nne, mara 10, seti 3. Ukizoea, keti kwa mguu mmoja. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, mara nyingi nyonga ndiyo dhaifu. Usiongeze idadi, weka mto ili kikao kiwe juu kidogo.

Goti likinyooka na kukunjika sawa na la pili, halivimbi, na mguu mmoja umemaliza 10 safi, hapo mtafute seremala. Akukatie ubao wenye fomika, futi 6 kwa 2, na vizuizi viwili vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu kutoka chini. Cha upande mmoja kwanza kiwe kwenye futi 4, baadaye ukisogeze. Paka polishi ya samani, vaa soksi nene juu ya viatu, chuchumaa nusu, uteleze kizuizi hadi kizuizi. Adui mkubwa hapa kwetu ni mchanga: chembe chache tu huushika mguu katikati, mwili unaendelea mbele na goti linabaki nyuma. Futa ubao kabla ya kila seti. Anza sekunde 20, kisha ongeza taratibu hadi 45, ambao ndio kama muda wa mchezaji uwanjani kabla ya kubadilishwa. Pumzika dakika 2.

Gongo la hoki lichezee tangu leo, umekaa, kwa mpira wa tenisi sakafuni. Mikwaju mikali ingoje, kwani kiwiliwili huzunguka mguu ukiwa umekanyaga.

Kila asubuhi lala, nyoosha mguu, legeza paja. Pangusa upande wa ndani wa goti kuelekea juu mara tatu, kisha wa nje kuelekea chini. Wimbi dogo likijaa upande wa ndani, goti lina maji: jana ulizidisha, leo pumzika au nenda baharini tu.

Goti likikwama lisinyooke, au likikuachia ukitembea, acha mazoezi yote uende hospitali ya Mnazi Mmoja lipimwe, maana huenda gegedu au kano ya msalaba, ile ya katikati ya goti, nayo imeguswa.