Je, ni dhambi kutafuta magazeti ya zamani ya kanisa?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Nasoma historia Makerere, naandika juu ya mwanzo wa kanisa letu la Uganda, la Kianglikana. Niliomba nakala za zamani za Mengo Notes na Ebifa mu Buganda, mzee mmoja wa kanisa akakataa, akasema mle mna mambo ya kuchafua watu na mtoto wa Mungu hafukui makaburi. Nikizitafuta kwingine nitakuwa nimemkosea Mungu?

JIBU: Asifiwe sana mwanangu. Hujamkosea Mungu, nalisema kwanza hilo ili upumue. Luka anamwambia Theofilo kwamba alifuatilia mambo yote toka mwanzo ndo akaandika kwa mpangilio, sasa kama mwandishi wa injili alifanya risachi wewe unaogopa nini? Na soma Ezra 6, Wayahudi waliachwa waendelee kujenga hekalu kwa sababu mfalme Dario aliagiza nyaraka za zamani zipekuliwe, ikapatikana amri ya Koreshi imeandikwa kabisa. Aliyetaka maandishi yapotee ni mfalme Yehoyakimu, akachana gombo la maneno ya Yeremia akalitupa motoni kipande kwa kipande, na Yeremia akamwambia Baruku aandike tena yote na mengine mengi yakaongezwa juu yake.

Lakini huyo mzee usimdharau, kuna kitu anakiogopa na si cha bure. Mengo Notes ilianza 1900 na Ebifa 1907, yaani ni miaka michache tu toka vita vya Mengo vya Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki wanapigana kwa bunduki, Waprotestanti wanaitwa Bangereza (Waingereza), Wakatoliki Bafalansa (Wafaransa), kwa hiyo maneno ya wamishenari wa wakati ule juu ya Wakatoliki, juu ya Waislamu, juu ya mila za babu zetu, mengine yanauma mpaka leo. Na sasa tunaoana, tunazikana, tarehe 3 Juni tunajaa Namugongo wote kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Mtu akipiga picha mstari mmoja akautupa kwenye grupu ya WhatsApp ya kijiji bila kusema ni wa mwaka gani, ni moto huo. Wewe usiwe huyo mtu, nakuomba sana.

Ila kufunga kabati sikubali. Biblia haikumficha Daudi wala Petro. Mwaka 1941 chuo cha Askofu Tucker pale Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 Walokole, na leo Walokole ndo wamejaa kanisani humu humu, hadi maaskofu, sasa kijana atajuaje Mungu alitutoa wapi kama karatasi za siku zile hazionekani?

Kwa hiyo omba kwa heshima, barua ya chuo yenye muhuri, ipite kwa mchungaji wako mpaka dayosisi. Wakikataa nenda UCU (Uganda Christian University) Mukono, nyaraka za Kanisa la Uganda zimetunzwa pale, na za CMS, wale wamishenari wa Kianglikana, ziko chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza. Tafuta pia Munno, gazeti la White Fathers, wamishenari wa Kikatoliki, la toka 1911, manake ukisoma upande mmoja tu utabeba ugomvi wa mababu kama wako. Ukimaliza kuandika mpelekee yule mzee asome kabla ya wengine, akikwambia hapa jina si hilo ama mwaka si huo msikilize, ana mambo kichwani ambayo hakuna gazeti liliyachapa.