Mvua za Puerto Rico: majibu ya wiki hii

Tutakuwa San Juan mwezi Septemba. Tunaambiwa El Yunque, msitu wa milimani, hunyesha karibu kila siku, lakini rafiki yetu wa Guánica analia ukame. Si kisiwa hichohicho?

Ni hichohicho, ila kina milima. Upepo wa baharini kutoka mashariki hupanda El Yunque ukiwa na unyevu tele, hupoa na kuumwaga hukohuko. Vileleni mvua hupita milimita 4,000 kwa mwaka. Guánica, kusini-magharibi, iko kwenye kivuli cha mvua, yaani upande wa pili wa milima ambako upepo hufika ukiwa umekwisha kumwaga maji yake, na haifikishi hata 1,000. Fuateni utabiri wa mji mnaolala.

Kimbunga kikiwa kategoria ya 1 tu, kuna haja ya kuhama nyumba ya kando ya mto?

Ipo, ndugu yangu, na neno "tu" hapo linanitia hofu. Kategoria, kuanzia 1 iliyo ya chini hadi 5, hupima upepo peke yake. Kimbunga Fiona cha Septemba 2022 kilikuwa kategoria ya 1, kikapita polepole, na baadhi ya maeneo ya kusini yakapata zaidi ya milimita 600. Kule Utuado mto ulilibeba zimazima daraja la chuma la muda, lililowekwa baada ya kimbunga Maria cha 2017. Na mtaa wa Mameyes, Ponce, ulifukiwa na mlima Oktoba 1985, watu wakiwa usingizini, kwa mvua ya mfumo wa hali ya hewa ambao wakati huo haukuwa hata kimbunga.

Basi uliza: kinakwenda kwa kasi gani, na ardhi imelowa kiasi gani wiki hii? Udongo ukiwa umeshiba maji, hama mchana, barabara zikiwa bado zinapitika.

Vumbi la Sahara lina uhusiano gani na mvua?

Huvuka Atlantiki, hasa Juni na Julai, likiwa ndani ya hewa kavu inayodhoofisha mawingu, hivyo mvua hupungua. Wenye pumu wabaki ndani.

Watoto wanaweza kuogelea mtoni jua likiwaka?

Tazameni milimani kwanza. Mvua ikinyesha huko, wimbi la maji hushuka ghafla ninyi mkiwa juani. Maji yakianza kugeuka rangi ya udongo, au majani na vijiti vikipita kwa wingi, watoeni watoto papo hapo na mpande juu. Viatu na mabegi viacheni.