Kwa mliokuja na hatua zenu elfu kumi

Wadogo zangu wa lishe, karibuni kazini Mtwara. Jumanne nimemwona mwenzenu pale kliniki ya utengamao akimpakulia programu ya kuhesabu hatua binti anayetumia kiti mwendo, tena kwa bashasha, kwa bando lake mwenyewe. Nilitoka nje nikanywe maji, maana ningesema neno. Sasa nimepoa.

1. Pimeni kwanza, pakueni baadaye. Asiyeweza kusimama mpimeni urefu wa mikono iliyonyooshwa, mkadirie kimo chake. Ikiwa imekakamaa, pimeni kutoka kisigino hadi goti. Aliyekatwa mguu mzima amepoteza kama asilimia 16 ya uzito wa mwili, na programu haimuulizi. Aliye chini ya miaka 19 ana chati ya umri wake. Ile BMI (uzito kulinganisha na kimo) ya 18.5 mpaka 24.9 ni ya watu wazima. Haya mlifundishwa chuoni, sijui huwa mnayaacha kwenye basi pale Nangurukuru.

2. Hatua. Hapa nina kesi ya kujibu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na kijana wa miaka 20 aliyeanguka kutoka kwenye mnazi, uti wa mgongo ukaumia, miguu haikusikia tena. Akaanza kuota kitambi. Mimi nikampa tiba ya kisasa: programu, hatua 10,000 kwa siku, chakula kalori 1,200. Kila saa simu inamlilia ainuke atembee. Hakulalamika hata siku moja. Wiki ya pili grafu ikapanda, 9,000, 12,000, nikaipiga picha nikaitupa kwenye grupu la kazini, pongezi zikamiminika. Kumbe hatua ni za mdogo wake wa darasa la tano, anacheza mpira huku simu ya kaka imefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga.

Hilo tungelicheka likaisha. Lakini kalori zilikuwa za kweli. Samaki na maharage aliviacha kwa kuwa vilikula namba, akabaki na chai na kipande cha muhogo. Mjomba wake anambeba juu ya mizani, natoa uzito wa mjomba, naandika: zimepungua kilo 3. Mara kilo 5. Nilifurahi kama niliyeuza korosho daraja la kwanza. Mwezi wa pili mama yake akaniita pembeni: "Mwanangu, hii harufu wewe huisikii?" Tulipomgeuza, kwenye kalio palikuwa na kidonda cha kukalia ambacho yai la kuku lingeingia. Yeye hasikii maumivu, angejuaje? Mimi nina macho. Mwili uliohitaji protini kulinda nyama juu ya mfupa nilikuwa nimeufungisha, na muda wote huo sikumgeuza hata mara moja, nasoma simu tu. Kidonda kilichukua miezi saba kufunga. Siku nilipomwomba radhi akanifariji mimi: "Usijali dada, hatua zetu zilikuwa nzuri."

Siku hizi anahesabu safari za magurudumu. Zipo saa zinazohesabu misukumo, ya Apple inafanya hivyo tangu 2016, lakini huku nani anayo? Yeye kila akienda sokoni na kurudi anatia korosho moja kwenye kopo. Jioni anazila. Tumegombana sana kwa hilo, maana gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na jirani zake nao wanamjazia kopo.

3. Ming'oko, hii mizizi ya porini tunayokula huku, sijaiona kwenye programu yoyote. Andikeni chakula kwa viganja na vikombe.

4. Mteja haoni? Washa TalkBack, ile sauti ya simu inayosoma kilicho kwenye kioo, fumba macho, ingiza mlo mmoja. Ukishindwa, futa hiyo programu.

5. Kabla ya kulaumu chapati, ulizeni dawa. Valproate ya kifafa inanenepesha. Mwenye sindromu ya Down akinenepa, apimwe thairoidi, ile tezi ya shingoni. Na muulizeni kijana mwenyewe, siyo aliyesukuma kiti! Juzi mmoja wenu kamuuliza mama mtu, "Anakula nini?" na kijana yupo pale pale, ana miaka 22 na duka la vocha.

Alhamisi saa mbili kamili, na futikamba. Atakayefika wa kwanza aje na betri za mizani, zilizopo zimekufa.