Huo ni klematisi

Umeuliza huo mmea wako unaopanda kwenye waya, wenye maua ya zambarau, ni mmea gani. Ni klematisi, mmea wa maua unaotambaa, na kwa zambarau iliyokolea hivyo na maua bapa ya petali nne ningesema ni Jackmanii, aina ya Uingereza ya tangu miaka ya 1860, inavumilia baridi vizuri sana. Kwa kweli hizo sio petali ni sepali, yaani vile vijani vinavyofunika ua kabla halijafunguka, ila tusikwame hapo. Angalia unavyojishika kwenye waya: shina halijizungushi, ni vile vikonyo vya majani ndo vinajikunja na kukaza, na majani yanatoka mawili mawili yakitazamana. Hiyo inaondoa kabisa wazo la mwenzetu mmoja aliyesema ni ipomea, mmea mwingine unaotambaa, maana ipomea shina lenyewe ndo linazunguka, jani moja moja, ua limeungana kama tarumbeta kama la viazi vitamu, jamii moja hiyo, na zile za bustanini nyingi zikipigwa na jalidi, ile baridi ya kugandisha, zinakufa, wakati wako umekaa chini ya theluji na umerudi. Ukitaka kuhakikisha subiri maua yaanguke, huenda ukaona mbegu zenye mikia ya manyoya kama hariri.

Usiung'oe ukiuona mkavu mwisho wa baridi tafadhali, mizizi iko hai, kata tu ubakize kama sm 30 kabla haujachipua kwa sababu aina hii inachanua kwenye matawi mapya. Vaa glavu, utomvu wake unawasha ngozi, na watoto wasitafune majani, yana sumu.