Meza ya Wasomaji: Wikiendi Mji Mkongwe, Kila Chakula na Saa Yake

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa watu wanaovuka kwenda Unguja Ijumaa na kurudi Jumapili. Mmoja analalamikia bili, mwingine tumbo, mwingine biriani kavu. Ukizisoma kwa pamoja unaona jambo moja: wengi wamekula kitu kizuri katika saa isiyo yake. Mji Mkongwe una chakula cha asubuhi, cha mchana, cha alasiri na cha baada ya magharibi, na anayepika kimoja aghalabu hapiki kingine.

Tuko wanne, tunatoka Dar Ijumaa asubuhi, tunarudi Jumapili jioni. Hatutaki kula hotelini. Tujipangeje?
*Msomaji, Kinondoni*

Anzeni na boti. Njia ni kama saa mbili, na majira ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya katikati huchafuka. Supu ya mafuta kabla ya kupanda ndiyo inayowaangusha wengi. Kuleni kitu kikavu, mkate au muhogo wa kuchemsha, na chai ya tangawizi. Mwenye kutumia dawa ya kichefuchefu ainywe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Akishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni.

Ijumaa ina mtego wake. Kuanzia kama saa sita na robo mpaka karibu saa nane migahawa mingi ya wenyeji hufungwa kwa ajili ya swala. Mkifika saa tano na nusu mkaanza kutafuta vyumba, mtatoka na njaa mkute milango imefungwa. Pelekeni mizigo, mle kitafunwa chepesi, halafu mrudi mjini saa nane. Hapo ndipo penyewe, maana biriani na pilau ya Ijumaa hupikwa kwa wingi na inakuwa bado na mvuke wake. Mtaa wa Mkunazini kuna mgahawa wa Lukmaan, ambako unasimama mbele ya vyakula, unaonyesha unachotaka, unapakuliwa. Msiogope kuuliza ni nini kimetoka jikoni sasa hivi.

Biriani msiiweke usiku. Wali uliopikwa adhuhuri na kupashwa saa mbili usiku hukauka, na masala yake huanza kutoa mafuta pembeni ya sahani. Hiyo ni dalili kwamba umepata ya mchana.

Alasiri ni ya urojo, tunaueleza hapa chini. Usiku wa Ijumaa nendeni bustani ya Forodhani, kwenye meza za wachuuzi wa chakula. Jumamosi asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, tafuteni supu na chapati au mbaazi za nazi upande wa soko la Darajani. Mkilala hadi saa nne mtakuta sufuria inakwanguliwa. Jumamosi usiku wekeni meza ya darini, juu ya paa la nyumba, na Jumapili kuleni mchana mapema, mmalize muda wa saa mbili kabla ya boti kuondoka.

Forodhani mchuuzi alinijazia sahani huku akinichekesha, nikala, halafu nikaambiwa 85,000. Sote tulikuwa wawili. Nilikosea wapi?
*Dada, Arusha*

Dada, ulikosea pale uma wa mchuuzi ulipogusa sahani kabla hujauliza bei. Pale kila kijiti kina bei yake: mshikaki wa ng'ombe una ya kwake, pweza ya kwake, kamba ya kwake, na kambakochi ni ghali kuliko vyote. Mchuuzi anayejaza kila kitu mara moja anakuuzia kwa jumla ambayo wewe huijui. Sahani ya vijiti sita ikiwa na kambakochi wawili inaweza kuzidi ya vijiti kumi vya nyama.

Fanya hivi. Zunguka bustani nzima mara moja bila kununua chochote. Chagua meza yenye wenyeji wanaokula, siyo yenye papasi, dalali wa mitaani, anayekuvuta mkono. Uliza, "Kijiti kimoja cha hiki ni shilingi ngapi?" kisha taja idadi: "Nipe pweza mmoja na mishkaki miwili, basi." Neno basi ni muhimu. Mkate, chipsi na kachumbari uliza kama vinahesabiwa, maana pengine vinakuja kama zawadi na kwenye hesabu vinageuka bidhaa. Lipa kabla ya kukaa, au hakikisha mmekubaliana jumla. Vijiti usivitupe mpaka umelipa, ndiyo ushahidi wako.

Usiende kabla ya magharibi. Jua huzama kati ya kama saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano kutegemea mwezi, na meza nyingi hupangwa baada ya hapo. Saa moja hadi saa mbili na nusu ndiyo saa nzuri. Kuelekea saa nne kilichobaki mezani kimeshapita motoni zaidi ya mara moja.

Hilo ndilo jambo la kuangalia kuliko bei. Vijiti vingi hukaangwa au kuchomwa nusu mapema, vikapangwa kwa urembo, na ukiagiza vinarudishwa kwenye mkaa kwa dakika mbili. Nje kunakuwa moto, ndani vuguvugu. Mwambie akuwekee kile kilicho kibichi, au akikuletea kilichopangwa, kipasue kwa uma: kisipotoa mvuke katikati, mrudishie. Hakuna atakayekasirika. Wenyeji hufanya hivyo kila siku.

Pweza huchemshwa kwanza mpaka alainike, ndipo anapakwa viungo na kupita motoni kidogo. Aliye mgumu kama mpira hakuchemshwa vya kutosha, na kumchoma zaidi kunazidi kumkausha. Omba umege ncha ya mkono kabla ya kununua.

Jodari ana hatari ya kipekee. Akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hutengeneza kemikali iitwayo histamini, na moto hauiondoi hata ukimchoma mpaka awe mkaa. Ukiuma ukahisi mdomo unawasha kama pilipili ambayo haipo, tema. Mwenye kuendelea kula huweza kupata uso mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio ndani ya muda mfupi, hata chini ya saa moja. Dalili zikiwa kali, hasa kupumua kwa shida, nenda hospitali usingoje asubuhi.

Na juisi ya miwa: iliyokamuliwa mbele yako pamoja na ndimu na tangawizi ni tamu sana. Tazama barafu. Vipande vyenye tundu katikati vimetoka kwenye mashine ya barafu ya kunywa. Mapande yaliyovunjwavunjwa kwa nyundo huenda ni ya bonge lile lile linalopozea samaki. Agiza bila barafu.

Urojo ni nini hasa? Nilinunua, nikaona uji wa njano wenye takataka juu, ukawa umelowana wote.
*Msomaji, Dodoma*

Takataka hizo, msomaji wetu, ndizo urojo wenyewe. Chini ni mchuzi mwepesi wa unga wa ngano na manjano, uliotiwa uchachu wa embe bichi, ukwaju au ndimu. Ndani yake huingia viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, yai, pengine mishkaki. Juu inamwagwa chatne ya nazi, pilipili, na mwisho chipsi nyembamba za muhogo.

Ulilowana kwa sababu uliubeba. Urojo huliwa hapo hapo, umesimama au kwenye baraza, ndani ya dakika tano, wakati muhogo bado unavunjika mdomoni na bajia imelowa upande mmoja tu. Ukilazimika kuchukua, omba chipsi na bajia katika mfuko wake na mchuzi katika chombo chake.

Saa yake ni kuanzia saa tisa alasiri mpaka magharibi. Cha kuharibika mapema ni chatne ya nazi, kwa kuwa nazi iliyosagwa huchacha upesi kwenye joto la mchana. Inuse. Ikiwa na harufu ya pombe, sema "bila nazi" na ule vilivyobaki. Uchachu wa mchuzi usikutishe, huo umewekwa makusudi.

Menyu ilisema samaki mzima 4,000 kwa gramu 100. Nikadhani rahisi. Bili ikaja 56,000 kwa samaki mmoja.
*Msomaji, Iringa*

Hesabu yao ni sahihi: 56,000 ukigawa kwa 4,000 unapata 14, yaani samaki wa kilo 1 na gramu 400. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuonyesha mizani. Bei ya gramu mia haikudanganyi, inakulaza usingizi tu.

Kabla ya kukubali, omba aletwe mbichi mezani. Halafu uliza mambo mawili: anapimwa kabla au baada ya kutolewa matumbo na magamba? Na huo uzito tuandikie kwenye karatasi. Matumbo na magamba huchukua kiasi cha sehemu moja ya kumi au zaidi ya uzito. Ukiondoa kichwa na miiba, nyama unayokula ni karibu nusu tu. Mtu mmoja anatosheka na samaki wa gramu 500 hadi 600, wawili kilo moja na kidogo. Tasi au changu mdogo ni wa mtu mmoja. Kolekole na chewa ni wa kushirikiana. Mkitaka kujua gharama kabla ya kuagiza, nguru wa kipande ni salama zaidi, kwa kuwa bei yake kwa kawaida ni ya sahani.

Akiwa mbele yako, mtazame macho: yawe yamejaa na yang'ae, siyo yaliyodidimia yenye ukungu. Inua shavu, ndani kuwe kwekundu, siyo kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole, shimo lirudi lenyewe. Harufu iwe ya bahari.

Samaki wa kilo moja kwenye mkaa anahitaji kama nusu saa, naye awe amechanjwa ubavuni ili moto ufike kwenye mfupa. Akija baada ya dakika kumi, ama alichomwa mapema ama moto ulikuwa mkali. Malalamiko ya kawaida, nje kuungua na ndani kubichi, mara nyingi ni ya samaki aliyetoka kwenye friza na kuwekwa motoni kabla barafu haijayeyuka. Inua nyama ya mgongoni kwa ncha ya uma: ikiachia mfupa bila kung'ang'ania na haina rangi ya pinki, kula. Ikishikilia, mrudishe jikoni na ndimu yako uihifadhi.

Shikamooni. Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Wajukuu wanataka meza ya darini. Itawezekana?
*Mzee, Morogoro*

Marahaba, mzee wetu. Piga simu kwanza uulize ngazi ni ngapi na kama zina mkono wa kushika. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe nyingi hazina lifti, na ngazi zake za mbao husimama wima, hasa ile ya mwisho inayotokea darini. Kupanda mama anaweza, kushuka usiku ndiko kwenye kazi. Uliza pia kukaa: baadhi ya migahawa ya mtaa wa Hurumzi unavua viatu na kukaa chini kwenye mito, jambo ambalo magoti hayo hayatalipenda. Wapelekeni wajukuu darini kwa juisi saa kumi na moja na nusu walione jua, kisha mle wote na bibi yao mahali pa chini karibu na bahari.

Kwa wengine wanaotaka darini: wekeni meza siku mbili tatu kabla, ombeni upande wa magharibi, na muulize kama chakula ni cha kuchagua au ni seti ya bei moja. Kwenye sehemu zenye seti, mlo huchukua muda wa saa mbili hadi tatu.

Kadi, simu au fedha taslimu?
*Msomaji, Mbeya*

Vyote vitatu. Kwa kahawa chungu ya Jaws Corner, kijiwe cha wenyeji, na urojo, noti ndogo ndogo. Migahawa mingi ina lipa namba. Kadi uliza kabla, kwa kuwa wapo wanaoongeza asilimia fulani juu ya bili. Alama ya jumlisha mbili baada ya bei kwenye menyu maana yake kodi na huduma bado. Bei ikiwa bado imeandikwa kwa dola, uliza ni shilingi ngapi kabla ya kuagiza, siyo wakati wa kulipa.

Tukienda mwezi wa Ramadhani?
*Msomaji, Moshi*

Mchana migahawa ya wenyeji hufungwa, na kula au kunywa barabarani hakufai. Hoteli na baadhi ya migahawa ya wageni huendelea ndani. Ila usiku ndio unaonoga: futari, tambi, kaimati, na Forodhani mpaka usiku mwingi.

Nirudi na nini ambacho hakitaharibika kwenye boti?
*Msomaji, Kigamboni*

Haluwa. Ni wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, inakorogwa motoni kwa muda mrefu mpaka ishikane, na kwa sukari yake nyingi inakaa siku nyingi bila friji. Waliokulia Muscat, Omani, nao wanaijua vizuri. Nunua iliyo kwenye kikapu kidogo cha ukindu, uibonyeze: nzuri inarudi kama mpira laini, iliyozeeka ina chenga za sukari juu. Usiiweke friji, inakuwa ngumu. Mkate wa ufuta nunua Jumapili mchana ule ule wa safari, ufunge kwenye karatasi na siyo plastiki, na kesho yake uupashe kwenye kikaango kikavu dakika mbili kila upande. Juisi ya mabungo kunywa huko huko. Kwenye boti kifuniko kikifunguka, nguo hazitoki doa.