Maswali ya Wasomaji: Jua Likichafuka, Nairobi Huathirikaje?

Barua tatu zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja, ambalo ni athari za jua kwa mitambo tunayoitegemea kila siku. Wataalamu huliita hali ya hewa ya anga za juu, ingawa halihusiani kamwe na mvua wala kiangazi. Tumeona tuzijibu pamoja.

Swali: Mnamo Mei 2024 tulisoma kwamba dhoruba kubwa ya jua imeikumba dunia, na mwishoni mwa juma hilo hilo intaneti ikaanza kusuasua Nairobi nzima. Nina saiba ndogo, na siku hizo nilipoteza wateja wengi. Je, jua ndilo lililonitia hasara?
*Msomaji, Kayole*

Jibu: La, halikuwa jua, ingawa tunaelewa kwa nini wengi waliyaunganisha mambo hayo mawili. Dhoruba hiyo, yaani wimbi la chembe zenye chaji ya umeme na sumaku lililotupwa na jua, ilianza kuifikia dunia Ijumaa tarehe 10 Mei, yapata saa mbili usiku kwa saa za hapa, nayo ikapanda hadi daraja la tano, la juu kabisa katika kipimo cha dhoruba za sumaku, ambalo halikuwa limefikiwa tangu mwaka 2003. Jumapili tarehe 12, nyaya mbili za baharini zinazotuhudumia, EASSy na Seacom, zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Waya wa namna hiyo hupitisha mwanga ndani ya nyuzi za kioo, na dhoruba ya jua haina uwezo wa kuukata chini ya bahari. Zilizokatika zilihitaji meli ya ukarabati.

Madhara ya dhoruba yenyewe yalionekana kwingine. Huko Marekani, wakulima waliokuwa katikati ya msimu wa kupanda walilazimika kusimamisha matrekta yanayoongozwa kwa setilaiti, kwa kuwa mistari ya kupandia ilikuwa ikipotoka.

Huenda ukajiuliza pia kuhusu kupotea kwa stima. Dhoruba za jua zimewahi kuzima umeme, na mfano unaotajwa daima ni wa jimbo la Quebec nchini Kanada, ambako tarehe 13 Machi 1989 gridi iliporomoka ndani ya dakika moja na nusu hivi, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa takriban saa tisa. Lakini Quebec iko karibu na ncha ya sumaku ya dunia, na mwamba wake haupitishi umeme vizuri, hivyo mkondo ulioamshwa na dhoruba ukaingia katika laini ndefu za umeme. Hatari hiyo kwetu ni ndogo zaidi, japo haiwezi kupuuzwa kabisa, kwa sababu baada ya dhoruba za mwaka 2003 hata Afrika Kusini, iliyo mbali na ncha, iligundua transfoma zilizoharibika. Stima ikipotea mtaani kwako, hata hivyo, tafuta sababu iliyo karibu zaidi kuliko jua.

Swali: Katika kundi letu la WhatsApp tumetumiwa ujumbe unaosema kwamba usiku wa leo, kati ya saa sita u nusu na saa tisa u nusu, miale hatari ya kosmiki itapita karibu na dunia, na kwamba tuzime simu na tusizilaze karibu na mwili. Wajukuu wananicheka. Je, nizime?
*Mama wa watoto watano, Umoja*

Jibu: Shikamoo, mama. Ujumbe huo ni wa uongo, na umekuwa ukizunguka duniani kwa zaidi ya miaka kumi bila hata saa zake kubadilishwa. Miale ya kosmiki, yaani chembe ziendazo kasi mno kutoka anga za mbali, huifikia dunia kila sekunde, mchana na usiku, na simu haina uwezo wa kuivuta. Tena sisi tunaoishi karibu na ikweta tumekingwa kuliko wengine, kwa sababu chembe zenye chaji ya umeme hupata taabu zaidi kuipenya sumaku ya dunia ikwetani kuliko kwenye ncha zake. Wanaopaswa kuhesabu miale hiyo ni wahudumu wa ndege zinazopita juu ya Aktiki.

Swali: Mimi ni mpima ardhi. Mwezi wa Machi tulipewa kazi ya kupima barabara usiku, kwa kuwa mchana msongamano wa magari hauturuhusu. Kuanzia kama saa mbili usiku kipokezi cha setilaiti kilikuwa kikipoteza mawimbi au kutoa vipimo vinavyoruka, na ilipokaribia saa sita kikatulia chenyewe. Muuzaji alikikagua akasema hakina kasoro. Tatizo ni nini?
*Mpima ardhi, Kitengela*

Jibu: Swali hili tumelifurahia kuliko yote, kwa sababu linagusa sehemu ya hali ya hewa ya anga za juu iliyo yetu hasa. Habari nyingi za jua huandikwa na watu wa kaskazini, na msomaji wa Nairobi hubaki akidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za baridi. Kwa upande wa setilaiti, ukanda wetu ni miongoni mwa ile yenye matatizo makubwa zaidi duniani, na matatizo hayo huja hata siku ambayo hakuna dhoruba yoyote.

Setilaiti za GPS huzunguka kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake hupita katika ayonosfia, tabaka ambalo mwanga wa jua umezitenga elektroni kutoka kwa atomi za hewa. Elektroni hizo huyachelewesha mawimbi, na ucheleweshaji wa mchana unaweza kukitupa kipimo mita kadhaa. Kipokezi chako, bila shaka, hutumia masafa mawili au zaidi ya mawimbi ya redio, na kwa kuwa kila masafa hucheleweshwa kwa kiasi tofauti, chombo hulinganisha na kuliondoa kosa. Ndiyo maana mchana hulalamiki.

Usiku kinachotokea ni kingine. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, haipiti Kenya bali hupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa, na anga yetu iko upande wake wa kusini, ndani ya ukanda unaoathirika. Jua likitua, sehemu ya chini ya ayonosfia hupoteza elektroni zake upesi, huku sehemu ya juu, yenye elektroni nyingi, ikiinuliwa na nguvu za umeme za machweo. Hali hiyo ni kama kumimina maji juu ya mafuta: mafuta hayakubali kukaa chini, nayo hupenya juu kwa mapovu. Vivyo hivyo mapovu yenye elektroni chache hupanda mamia ya kilomita, na mawimbi ya setilaiti yanapoyapitia humetameta kama nyota, yakififia na kupata nguvu tena kwa ghafula, mpaka kipokezi kinayapoteza. Kuwa na masafa mawili hakusaidii sana hapo, kwani huwezi kulinganisha kitu ambacho hukukipokea. Kuelekea usiku wa manane mapovu mengi huwa yamefifia.

Vipokezi vya utafiti vilivyowekwa Chuo Kikuu cha Nairobi na Malindi vimewawezesha watafiti kuufuatilia mwenendo huu. Hali huwa mbaya zaidi Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, wakati mstari wa machweo unapolingana vyema na mistari ya sumaku ya dunia, na huzidi katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Kazi yako iliangukia mwezi mbaya, katika saa mbaya.

Mkiweza, anzeni saa saba usiku badala ya saa mbili. Mkilazimika kuanza mapema, washeni setilaiti za Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China pamoja na GPS, kwa sababu mapovu hayafuniki anga yote, na setilaiti zikiwa nyingi hubaki za kutosha katika pande zilizo safi. Rudini kila baada ya nusu saa kwenye bikoni ambayo viwianishi vyake mnavijua. Hifadhini pia data ghafi ya usiku kucha, ili vipimo viweze kuchakatwa upya ofisini na vile vya kati ya saa mbili na saa tano vichunguzwe kimoja kimoja kabla ramani haijatiwa sahihi.